Taa ya nyuma ikizimika ukikanyaga breki, tafuta ethi kabla ya kununua balbu

Swali la msomaji wa Igoma, Mwanza:

Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III ndefu, ya petroli, ya mwaka 1978, niliyoachiwa na mzee wangu. Inabeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba na mara mojamoja inakwenda Sengerema usiku. Taa zinanitesa. Nikiwa nimewasha taa na nikakanyaga breki, taa ya nyuma kushoto inazimika badala ya kuongezeka. Nikiwasha indiketa ya kushoto, ya mbele iko sawa ila ya nyuma ni hafifu, na taa za breki zote mbili zinapepesa kwa mbali. Indiketa yenyewe imekuwa nzito. Kulia hakuna shida. Taa kubwa ni za manjano kama kibatari, ya kulia zaidi, lakini nikichomoa balbu na kupima kwenye waya mita inasoma zaidi ya volti 12. Halafu fyuzi ya breki na indiketa inaungua nikipita barabara za mawe, kwenye lami haiungui. Nimeshabadilisha balbu mara tatu na flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa, mara mbili. Fundi mmoja ananiambia nivute wairingi mpya gari zima, mwingine ananiambia niweke taa za LED tu. Nifuate lipi?

Jibu:

Marahaba. Usifuate lolote kwa sasa. Una magonjwa matatu yasiyohusiana, na hakuna hata moja linaloponywa na balbu. Kushoto nyuma umekosa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Taa kubwa zinanyimwa umeme njiani. Fyuzi inaunguzwa na waya uliochunika mahali unapogusa chuma gari linapotikisika. Tuanze na la kwanza, ndilo lenye maneno mengi, na ndilo linalofanya watu wabadilishe vifaa vizima.

Balbu ya breki na taa ndogo ya nyuma ni moja yenye nyuzi mbili: wa wati 5 kwa taa ndogo, wa wati 21 kwa breki. Kila uzi una nukta yake chini ya kitako ya kupokea umeme, lakini kurudi zinarudi pamoja, kupitia ganda la shaba la balbu, kwenda kwenye holda, kwenda ethi. Ethi ya holda ikikatika, umeme hautulii. Ni kama zamani kivuko cha Kigongo kikikwama: waliokuwa wanakwenda Sengerema hawakurudi nyumbani, walishika njia ya kivuko cha Kamanga. Umeme nao unatafuta Kamanga yake, na kwenye taa zako umeipata ndani ya ule uzi mwingine.

Fuata safari yenyewe. Umewasha taa, hujakanyaga breki. Umeme unaingia uzi wa wati 5, unafika kwenye ganda, unakuta ethi hakuna. Unapanda kinyumenyume kwenye uzi wa wati 21, unatokea kwenye waya wa breki, unavuka hadi taa ya breki ya kulia, na huko ethi ipo, unashuka. Uzi wa wati 21 una ukinzani mdogo sana ukiwa baridi, kwa hiyo taa ndogo ya kushoto inawaka karibu kama kawaida na wewe huoni kasoro. Sasa kanyaga breki. Waya wa breki nao umepata volti 12. Uzi mmoja unasukuma kutoka huku, mwingine kutoka kule, volti zinalingana pande zote mbili, mkondo unasimama. Taa inazimika. Yaani dereva wa nyuma yako anaona taa ikipotea sekunde ileile ambayo alitakiwa aone breki.

Indiketa ni hadithi hiyohiyo. Ina taa yake ya pekee, lakini ethi yake inaungana na ya taa ya breki ya upande huo. Umeme wake unapita uzi wa indiketa, unaingia uzi wa breki ya kushoto, unamalizikia uzi wa breki ya kulia. Nyuzi tatu za wati 21 zimejipanga mstari mmoja zikigawana volti 12, kila moja kama volti 4. Ndiyo maana zote zinapepesa kwa mbali, na ukikanyaga breki indiketa ya nyuma inakufa karibu yote. Flasha ya asili ya gari hilo hufanya kazi kwa joto la mkondo unaopita ndani yake. Imetengenezwa kwa balbu mbili za wati 21. Mkondo ukipungua, inachelewa kupata joto, indiketa inakuwa nzito au inaganda kabisa. Flasha zako mbili ulizotupa huenda zilikuwa nzima. Zitafute kama hazijaenda mbali.

Uthibitisho hauhitaji hata mita. Chukua waya wa nyuzinyuzi, unene wa milimita za mraba 2.5, urefu wa mita 6. Funga ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha nyingine iguse ganda la balbu ya breki ya kushoto, mtu amekanyaga breki na taa zimewashwa. Taa ikiruka na kuwaka ipasavyo, kesi imekwisha. Kuwa mwangalifu tu usiguse nukta za chini za holda, hizo ni chanya.

Kisha tafuta ethi imekatikia wapi. Hapa ndipo wengi wanaweka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, inasoma karibu sifuri, wanasema ethi ipo. Omu inadanganya. Waya uliobakiwa na unywele mmoja utasoma vizuri kwa sababu mita inapitisha mkondo mdogo mno. Upande mmoja wa nyuma, ukiwa umewasha taa, breki na indiketa, unahitaji kama ampea 3.9. Kutu yenye ukinzani wa omu 1 tu, ambayo kwenye mita za bei rahisi huwezi kuitofautisha na ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, inakula karibu volti 3 hapo. Kwa hiyo pima volti, taa zikiwa zinawaka. Weka mita kwenye volti 20 za DC. Nyaya ya mita nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, iguse risasi ya nguzo, isiguse klempu. Nyekundu iguse ganda la balbu. Ethi nzuri itasoma chini ya 0.2. Ikifika 0.5 kuna ugonjwa. Yako nadhani itasoma 4 au zaidi. Kisha sogeza ile nyekundu hatua kwa hatua kurudi mbele: holda, waya mweusi kabla ya kiungo, baada ya kiungo, bodi, chasisi. Pale volti zinapoanguka ghafla, umepita ugonjwa.

Naweza kukupunguzia safari. Taa za kulia zimefungwa kwenye bodi ileile na ni nzima, kwa hiyo usianze kukwangua chasisi. Shida iko kati ya taa za kushoto na bodi. Vua kioo cha taa, toa skrubu, vuta taa nje, fuata nyaya nyeusi. Waya mweusi wa indiketa na mweusi wa taa ya breki hukutana kwenye kiungo kimoja: vichwa vidogo vya mviringo vilivyochomekwa ndani ya kibomba cha bati chenye mpira mweusi juu. Mpira huo ukiufunua utakuta ukungu wa kijani ndani, na waya unapoingia kwenye kichwa umekuwa mweusi na unakatika ukiukunja. Usihangaike kukisafisha kibomba. Bati lake likishaingia kutu halibani tena hata uling'arishe. Weka kipya. Kwenye waya kata nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa, wakati mwingine ni sentimita 10 ndani. Ukikuta shaba nyeusi mpaka mwisho, badilisha kipande kizima.

Watu wa Mwanza hupenda kulaumu ziwa kwa kutu hii. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi ya Dar wala ya Tanga. Anayekuumiza ni unyevu usiokauka, na zaidi yale maji ya tenga za samaki yanayochuruzika nyuma kila siku, mara nyingine yakiwa na chumvi. Halafu Land Rover ina jambo lake: bodi ni aluminiamu, chasisi ni chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, aluminiamu inaliwa na kutoa unga mweupe kama chokaa, na unga huo haupitishi umeme. Hata pasipo maji, aluminiamu iliyokwanguliwa inajivika ngozi nyembamba isiyopitisha umeme kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo ethi ya kutegemea skrubu iliyokaza bati la aluminiamu ina umri wa kuhesabika.

Dawa ya kudumu ni kutokuiamini bodi. Vuta waya mweusi wa milimita za mraba 2.5 kutoka kila kundi la taa za nyuma, kulia na kushoto, vikutane kwenye boliti moja ya milimita 6 kwenye chasisi. Kulia fanya pia, maana umri ni mmoja. Hapo kwenye chasisi kwangua rangi na kutu kwa msasa namba 120 mpaka chuma king'ae eneo la ukubwa wa shilingi, weka kichwa cha waya cha pete, kisha washa (kile kipete cha chuma) yenye meno, nati, kaza. Ukishakaza paka mafuta mgando au grisi, kisha rangi juu. Kupaka rangi kwanza halafu kukaza nimeona kunafanyika sana, na ni kazi bure. Mwisho, waya mwingine wa milimita za mraba 6 kutoka bodi ya nyuma kwenda chasisi, na uhakikishe mkanda wa ethi kati ya betri, chasisi na injini upo na umebana. Ule wa injini ukikosekana utajua kwa dalili ya ajabu: kebo ya choki inapata moto ukipiga stata.

Ukiwa umeshafungua, tazama balbu zenyewe. Balbu ya nyuzi mbili ina vipini viwili ubavuni visivyolingana kimo, ili iingie upande mmoja tu. Mtu mwenye haraka huilazimisha, ikaingia kinyume, na hapo taa ndogo inawaka kwa wati 21 na breki inaongeza wati 5 ambazo hakuna anayeziona mchana. Kosa lingine ni kupachika balbu ya uzi mmoja, ile ya indiketa, kwenye holda ya nukta mbili. Kile kitako chake kimoja kipana kinaunganisha nukta zote, breki inalisha taa ndogo, taa ndogo zinalisha breki, na dashibodi inawaka ukikanyaga pedali. Kwa ufupi, hakikisha kitako kina nukta mbili na vipini vimepishana.

Nyaya za gari hilo zina rangi zake na zikiwa za asili zitakuokoa. Mweusi ni ethi. Mwekundu ni taa ndogo. Kijani chenye mstari wa zambarau ni breki. Kijani na mwekundu ni indiketa ya kushoto, kijani na mweupe ya kulia. Bluu na mweupe ni fulu, mwanga wa mbali; bluu na mwekundu ni dimu, mwanga wa karibu. Lakini gari la 1978 limepita mikono mingi. Ukikuta waya wa spika au waya wa nyumba, ule mgumu wenye shaba moja nene ndani, hapo rangi haina maana tena. Na huo waya wa nyumba utoe popote ulipo. Umetengenezwa kukaa ukutani. Kwenye gari linalotikisika shaba yake inachoka na kukatikia ndani ya mpira, kwa nje unaonekana mzima.

Sasa taa kubwa.

Ulipima ukiwa umechomoa balbu, ukapata zaidi ya volti 12. Kipimo hicho kinasema tu kwamba waya haujakatika. Pasipo balbu hakuna mkondo, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea njiani. Rudia balbu ikiwa imechomekwa na inawaka, injini inaunguruma. Ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya soketi ya taa. Betri inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4 kama alteneta ni nzima. Isipofika 13.5 shughulikia kuchaji kwanza, mengine yasubiri. Kama betri ina 13.8 na taa inapata 11.2, umepoteza volti 2.6, ambazo kwa kusikia ni kidogo. Lakini mwanga wa balbu ya uzi hauanguki sambamba na volti, unaanguka kwa kasi zaidi: ukipoteza asilimia 10 ya volti umepoteza kama asilimia 30 ya mwanga. Kwenye 11.2 umebaki na nusu tu, na imegeuka manjano.

Gawanya upotevu huo pande mbili. Nyekundu ya mita kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya unaoingia taa: hicho ndicho kinachopotea wakati wa kwenda, na kisizidi 0.5. Kisha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya mweusi wa taa: hicho ndicho kinachopotea wakati wa kurudi, kisizidi 0.2. Kwa kuwa ya kulia ni hafifu zaidi, natarajia kulia ukute ubovu wa kurudi pia, kwenye viungo vyeusi vilivyo nyuma ya grili, na dawa yake umeshaijua. Upungufu wa taa zote mbili, kulia na kushoto, unatokana na swichi. Kwenye magari haya umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi ya taa na kisha kwenye swichi ya fulu na dimu. Balbu mbili za wati 60 ni ampea 10. Vile vijibati vya ndani vimeungua kidogokidogo kwa zaidi ya miaka 40. Endesha dakika 20 na taa, kisha gusa swichi kwa nyuma. Ikiwa ya moto, umempata.

Hapa rilei, swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa, ndiyo jawabu, na ni kazi ya nusu siku. Chukua rilei mbili za miguu minne za ampea 30, moja ya fulu na moja ya dimu. Miguu ina namba. Mguu 86 wa rilei ya fulu upokee waya wa bluu na mweupe uliokuwa unakwenda kwenye taa. Wa rilei ya dimu upokee bluu na mwekundu. Mguu 85 wa zote mbili uende ethi. Mguu 30 uvutwe moja kwa moja kutoka chanya ya betri kwa waya wa milimita za mraba 4, kila rilei na fyuzi yake ya ampea 15, na fyuzi zikae jirani na betri, zisizidi sentimita 20. Mguu 87 ulishe taa kwa waya wa 2.5, kulia na kushoto. Swichi yako itabaki inabeba sehemu ndogo ya ampea, ya kuamsha rilei tu. Kumbuka magari mengi ya wakati huo yalitoka kiwandani bila fyuzi yoyote kwenye taa kubwa, kwa hiyo fyuzi hizo ni nyongeza ya usalama pia. Fyuzi ya fulu na ya dimu usiziunganishe kuwa moja. Moja ikiungua usiku ukiwa unashuka Usagara unataka kubakiwa na nyingine.

Rilei zielekee chini miguu yake, zisishike maji.

Taa zenyewe ni za duara za inchi 7. Kama bado ni zile zilizozibwa moja kwa moja na kiakisi kimefifia, huwezi kuzisugua zikarudi. Ile rangi ya kioo ndani ni tabaka jembamba mno, ukipitisha kitambaa inatoka. Badilisha na zile za inchi 7 zinazopokea balbu ya H4 ya 60/55 (wati 60 za fulu, 55 za dimu), na hapa soma kioo kabla ya kulipa. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa dimu unatakiwa upande kidogo upande wa kushoto, kuangaza ukingo wa barabara. Taa zilizotengenezwa kwa nchi za kulia zinapandisha upande wa kulia, moja kwa moja machoni pa anayekuja. Ukishindwa kujua kwa macho dukani, washa mbele ya ukuta. Balbu za 100/90 muachie muuza duka. Mbili za fulu ni ampea karibu 17, zitachemsha soketi na kiakisi, na mwanga mwingi utaishia kwenye macho ya wenzio. Balbu ya H4 usiishike kioo kwa vidole, mafuta ya mkono yanaipasua ikipata moto.

Kuzilenga: simamisha gari sehemu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida, maana tenga za samaki zikikaa nyuma pua inapanda. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, chora mstari ukutani kwa kimo hichohicho, kisha mstari wa pili sentimita 5 chini yake. Ukingo wa juu wa dimu ukae kwenye mstari wa pili.

Fyuzi. Kwanza angalia ni fyuzi gani inaungua. Fyuzi za kioo za asili za gari hilo, zilizoandikwa 35, zinaandikwa kiwango cha kuungulia. Uwezo wake wa kubeba muda wote ni kama ampea 17. Fyuzi za leo za kioo zinaandikwa kiwango cha kubeba. Ukiweka ya kisasa ya 35 umeweka mara mbili ya inayotakiwa, na waya utaungua kabla ya fyuzi. Weka ya 15, au 20 kwa juu kabisa. Na kama kuna siku mtu aliivisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kagua waya wa kijani wote kama mpira wake umelainika au umebadilika rangi.

Kutafuta shoti inayokuja na mtikisiko kwa kubadilisha fyuzi ni kula fyuzi sanduku zima. Toa fyuzi, mahali pake unganisha balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, na kwa kuwa yako ni ya petroli chomoa kwanza waya unaolisha koili ya plagi, la sivyo platini, vile vijibati vya kukata umeme ndani ya distributa, zikiwa zimefungana koili itachemka. Balbu inaweza kuonyesha wekundu kidogo kwa sababu ya geji. Hiyo si shoti. Shoti ikitokea itawaka kwa nguvu zote, na haitaunguza chochote, kwa kuwa haipitishi zaidi ya ampea 2. Sasa mtu mmoja aitazame balbu, mwingine atikise nyaya mahali pamoja pamoja. Kwa Series III waya wa nyuma unapita ndani ya chasisi, na hatari ni pale unapoingia na pale unapotokea nyuma, mpira wa tundu ukiwa umeshaoza. Ila kabla hujapiga magoti huko, fungua soketi ya trela kama ipo. Zimejaa tope, hakuna anayezitumia, na nyaya zake zimeungwa moja kwa moja kwenye breki na indiketa. Mara nyingi shoti iko humo. Kama huna trela, iondoe na uzibe nyaya moja moja. Balbu ikiwaka na huoni pa kushika, tenganisha: chomoa nyaya za swichi ya breki, kisha viungo vya nyuma, uone ni kipande gani kikitoka balbu inazimika.

Ukiupata uliochunika, usiufunge tepu ukaurudisha palepale unapokwaruzwa. Badilisha kipande hicho, kiungo kibanwe kwa koleo na kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kisha upitishe kwenye kipande cha mpira wa maji penye tundu la chuma.

Kuhusu ushauri uliopewa: wairingi mpya gari zima haihitajiki kama mpira wa nyaya bado ni laini ukiukunja. Kwako ni kipande cha nyuma tu, na pengine si chote. LED ukiziweka leo, ethi mbovu itabaki palepale, ila mkondo wake mdogo utauficha ugonjwa kwa miezi kadhaa. Na ile flasha ya joto haitazitambua, itakubidi uweke ya kielektroniki. Ukishamaliza ethi na bado unazitaka kwa nyuma, nunua za rangi nyekundu kwa kioo chekundu na za rangi ya chungwa kwa indiketa. Nyeupe nyuma ya kioo chekundu hutoa wekundu uliopauka. Kwenye taa kubwa usiweke. Kiakisi cha H4 kilipimwa kwa uzi uliokaa mahali fulani, na LED nyingi za kuchomeka hutawanya mwanga juu.

Fungua hasi ya betri kabla ya kukata waya wowote, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho. Taa za nyuma ukizifunga, toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya kila moja, maji ya tenga yanayoingia yapate pa kutokea.